Sifuri Niliyoiamini

Tulimzika Mzee Valeriani siku ya Jumanne, kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, huko Kibosho, nyuma ya nyumba, pembeni mwa migomba. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kwa basi siku iliyotangulia, miguu imevimba, na nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai nikisikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa na mpwa wake. Alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alioa, alifanya kazi. Mpwa alipofika kwenye mradi wa maji alisoma kwamba marehemu "aliacha kazi kwa hiari yake mwenyewe ili apate muda wa kutosha wa familia na shamba", akageuza ukurasa. Sentensi hiyo naijua neno kwa neno, kwa sababu niliichapa mimi, na hata siku ile naichapa ilikuwa ya uongo. Kiti cha jirani yangu alikaa Mama Sekunda, ambaye shamba lake liko chini kabisa mwa mfereji. Amezeeka sasa, macho yana ukungu, hakunitambua mpaka nilipojitaja. Alinishika mkono akaninong'oneza: "Tulishamsamehe yale ya maji, mwanangu. Alitutesa, lakini tulishamsamehe. Mungu amlaze." Nikasema amina. Nina miaka hamsini na kidogo, nimechoshwa na mambo mengi, lakini hakuna lililonichosha kama hiyo amina.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kahawa ilikuwa imeshuka bei mpaka wazee waliokuwa wakiipalilia kama wanaopalilia roho zao waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Nyanya hazingoji. Mbuni unaweza kuunyima maji ukanuna tu, nyanya ukizinyima wiki tatu zinakufa. Kwa hiyo ile mifereji ya zamani tunayoiita mifongo, inayochukua maji mtoni huko juu na kuyashusha kihamba kwa kihamba, ikawa ugomvi wa kila siku. Ukaja mradi, na mradi ukapata wafadhili, na wafadhili wakaleta kompyuta. Mimi nilikuwa na cheti cha kompyuta kutoka Arusha na kiburi cha mtu mwenye cheti katika mji ambao wenye cheti cha namna hiyo tulikuwa wachache. Nikaajiriwa.

Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga mtaa wa Soweto, nyumba ya kuishi kabisa, yenye sebule, vyumba vitatu na jiko. Injinia, mkuu wetu, alijichukulia chumba cha kulia chakula. Kompyuta ikawekwa jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na vigae na soketi isiyotoa cheche, nami nikawekwa pamoja nayo, kando ya karo la kuoshea vyombo. Meza ya Mzee Valeriani ilikuwa humo humo, chini ya dirisha lililotazama mparachichi. Kati ya jiko na chumba cha Injinia kulikuwa na kidirisha cha kupitishia vyakula, chenye milango miwili ya mbao iliyopinda isiyofunga vizuri, kwa hiyo kila kilichosemwa upande wa pili tulikisikia kama tumekaa meza moja. Mzee alikuwa karani wa zamu za maji. Mrefu, mkimya, suruali yenye mstari wa pasi hata siku za matope. Mchana alifungua hotipoti aliyofungiwa na mkewe, ndizi au makande, akanipakulia kwenye kifuniko kabla hajajipakulia mwenyewe. "Kula, Resti," alikuwa akisema. "Hiyo mashine yako haili, ila wewe unakula." Sijawahi kula chakula kazini kwa raha kama ile tena, na nimekula kwenye ofisi zenye viyoyozi na mapazia.

Kabla yangu alitumia daftari moja kubwa lenye jalada jeusi. Humo nyumba ziliandikwa kwa mpangilio wa mfongo, kuanzia kwenye banio, pale maji yanapotolewa mtoni, hadi nyumba ya mwisho bondeni. Kila Jumamosi asubuhi watu walikusanyika kwenye banio, mzee anasoma jina, mwenyewe anaitika. Zamu ikishazunguka, alikuwa haweki alama ya vema mpaka mtu wa nyumba ya mwisho apande mwenyewe aje aseme maji yamefika. Siyo wa katikati, siyo jirani. Nilimwuliza mara moja kwa nini anamchosha mtu kupanda mlima ili kusema neno moja. "Wa juu atajuaje kama yamefika chini?" alijibu. "Na yule wa mwisho asipokuja, hilo nalo ni jibu." Niliona ni ushamba. Injinia naye aliona hivyo, na mashine ilipokuwa tayari alifuta mkutano wa Jumamosi. Orodha itachapwa Ijumaa, itabandikwa kwenye ubao wa banio, asiye na jina hapewi maji, basi.

Sasa hapa lazima nieleze mambo ya mashine, nitajitahidi nisichoshe. Programu yangu kuu haikuandika orodha yenyewe. Iliita programu ndogo, moja kwa kila mfongo, kisha ikakaa kungoja. Ile ndogo ikiisha, mfumo wa kompyuta humletea aliyeiita namba moja ya kueleza imeishaje. Sifuri ni salama, namba nyingine ni matatizo. Lakini katika lugha niliyoitumia, namba hiyo ilikuwa imefungasha habari mbili. Sehemu yake ya juu ilikuwa neno la programu yenyewe wakati inaaga. Sehemu ya chini ilisema kama kuna nguvu ya nje iliyoiua kabla haijapata kuaga. Kitabu changu, kimoja tu, kinene, nilichoachiwa na kijana wa kujitolea aliyerudi kwao, kilisema ukitaka neno la programu gawanya kwa mia mbili hamsini na sita na uache baki. Nikagawanya, nikaacha baki. Ukurasa uliofuata ulieleza baki hilo ni la nini, lakini nilikuwa nimeshapata nilichotaka, sikuufungua. Programu iliyouliwa na mfumo kwa kukosa nafasi ya kumbukumbu huleta tisa. Tisa ukiigawanya hivyo unapata sifuri. Yaani iliyouawa ilipita mbele yangu nami nikaandika kwamba imeondoka salama, na chini ya karatasi nikaiamuru mashine ichape kwa herufi kubwa: ORODHA IMEKAMILIKA.

Tangu wakati ule nimefanya kazi na lugha nyingi za kompyuta, na kila nikikutana na mpya jambo la kwanza ninalotafuta ni hilo, inaelezaje mwisho wa programu iliyoitwa. Zipo zinazokupa namba hasi ili ushtuke. Ipo njia ya kuongeza mia moja ishirini na nane juu ya namba, na asiyejua anadhani ni kosa la kawaida. Zipo zinazokupa namba tupu usijue kitu. Na zipo, hizi ndizo ninazoziheshimu, ambazo zinakataa kukupa namba yoyote mpaka uulize kwanza: iliondoka yenyewe, au iliondolewa? Vijana ofisini kwangu wananicheka kwamba bosi anakagua mstari huo kama mtu anayetafuta chawa. Waache wacheke. Sijawahi kuwaambia sababu.

Mzee Valeriani ndiye aliyeniuliza swali lenyewe, na hakuwahi kugusa kompyuta zaidi ya kuingiza majina kwa kidole kimoja. Nilikuwa namweleza kwa majivuno jinsi ile kubwa inavyoitumia ile ndogo. Aliweka kalamu chini. "Na hiyo ndogo ikifia njiani?"

"Itasema, mzee."

"Imeshakufa. Itasemaje?"

Nilicheka. Nilicheka kweli, kwa sauti, na nikamwambia mambo haya yameandikwa na watu wenye akili zao huko Ulaya na Amerika, wameshayafikiria. Na walikuwa wameyafikiria, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Jibu lilikuwemo ndani ya namba ile ile. Mzee aliitikia kwa kichwa, akachukua kalamu yake.

Kiangazi kiliingia vibaya mwaka ule. Mfongo mkubwa kuliko yote ulikuwa na nyumba nyingi na kumbukumbu ndefu za zamu, na programu yangu ndogo ilizibeba zote kwa pamoja kama punda. Ijumaa alasiri ndipo ilipofanya kazi, na Ijumaa alasiri ndipo Injinia alipokuja jikoni na kamera yake, kwani kompyuta ilikuwa hiyo moja, kufungua picha za mabomba na mabanio ili awatumie wafadhili. Picha zikiwa chache, hakuna neno. Zikiwa nyingi, mashine ilielemewa, na ikielemewa ilimtafuta mlaji mkubwa wa kumbukumbu ikamuua. Mlaji huyo alikuwa ile programu ndogo, katikati ya orodha. Majina yalikuwa yakichapwa kuanzia juu kwenda chini, kwa hiyo waliokatwa walikuwa wa bondeni, kila mara. Na kwa kuwa haikutokea kila Ijumaa, ilionekana kama mkono wa mtu anayechagua siku zake.

Mama Sekunda alikuja Jumatatu asubuhi akiwa na miche ya nyanya iliyokauka ndani ya gazeti. Aliongozana na mwenyekiti wa mfongo. Hawakupita jikoni, walikwenda moja kwa moja kwa Injinia, na mimi na mzee tukasikia gazeti likifunguliwa juu ya meza.

"Hii ndiyo ada ya watoto, Injinia," alisema. "Wiki tatu sijapata maji. Nikienda kwenye ubao, jina halipo. La jirani yangu halipo. Kule bonde zima halipo."

"Orodha imeandikwa imekamilika, mama."

"Imekamilika ya nani?"

Mwenyekiti akakohoa. "Majina anayaingiza nani, Injinia?"

"Mzee Valeriani."

"Na kihamba chake kiko wapi?"

Kisha mwenyekiti akajijibu mwenyewe, "Juu. Hatua chache tu kutoka kwenye banio."

Mzee hakuinua uso. Alikuwa anapiga mstari kwenye daftari kwa rula na aliumaliza mstari wake. Injinia akagonga kidirisha, milango ikafunguka, nikamwona yeye, na nyuma yake Mama Sekunda na ile miche. "Restituta, mashine inasemaje?"

Nilikuwa na karatasi yenye majibu ya kila Ijumaa. Sifuri, sifuri, sifuri. Niliipitisha pale kidirishani kama sahani. "Hakuna hitilafu, Injinia. Orodha zote zimekamilika."

"Una uhakika?"

"Asilimia mia."

Faili la majina lilikuwa humo humo kwenye kompyuta. Ningelifungua ningeyakuta majina ya bonde zima, yamekaa sawasawa kama mzee alivyoyaingiza kwa kidole chake. Dakika mbili. Sikulifungua, kwa sababu mashine ilikuwa imeshasema, na kwa sababu mbele ya watu wale niliona fahari kuwa ndiye mwenye mashine. Mzee alisimama akainua daftari lake jeusi. "Majina yote niliyaingiza. Haya hapa."

"Daftari nalo ni mkono wako, mzee," alisema Injinia, bila ukali wowote.

Walimaliza kwa adabu, ndivyo mambo yanavyomalizwa kwetu. Siku ya tatu nilimsikia Injinia kidirishani akisema kwa sauti ya chini kwamba hakuna haja ya kufikishana mbali, mzee ana heshima zake kanisani, ana watoto, aandike tu "kwa hiari yangu mwenyewe" na jambo litakwisha. Mzee alileta barua kwa mwandiko wake mzuri wa kulala. Niliichapa. Alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza, akasoma, akanionyesha mahali nilipokosa nukta. Kisha akachukua hotipoti yake, tupu, akatoka. Siku iliyofuata nilikula mkate na chai peke yangu nikitazama mparachichi.

Miezi miwili baadaye, Ijumaa, printa ilikwama. Injinia alikuwa na picha nyingi za ziara fulani. Ili kujua printa ina nini nilifungua ule ukurasa mweusi ambako mfumo huandika shughuli zake, ukurasa ambao sikuwa na desturi ya kuufungua, na mstari wa mwisho ulisema kwamba nafasi ya kumbukumbu imekwisha na programu yangu imeuawa. Nikatazama karatasi iliyokuwa imetoka nusu. ORODHA IMEKAMILIKA. Nikarudi nyuma kwenye ule ukurasa mweusi, Ijumaa kwa Ijumaa, na nikazikuta zile wiki tatu za Mama Sekunda zote, kila moja na mstari wake. Nilikwenda kwenye karo nikanawa uso.

Dawa yake ilikuwa mistari mitatu. Kabla ya kugawanya, uliza kama imeuawa. Ikiwa imeuawa, usichape neno lolote la kukamilika, anza upya. Nikapunguza na mzigo. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchapa ile barua. Nikamweleza Injinia yote, nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, mtu mwelewa, aliuliza maswali mazuri. Kisha akasema, "Umesharekebisha?"

"Ndiyo."

"Basi imekwisha. Mzee aliondoka mwenyewe, barua ipo."

"Siyo kweli, Injinia. Unajua siyo kweli."

"Wafadhili wanakuja mwezi ujao, Restituta. Unataka niwaambie kompyuta yao ndiyo iliyowakatia watu maji?"

Nilingoja miezi mitatu nikikosa ujasiri, kisha Jumapili moja nilipanda Kibosho baada ya misa, na kilo mbili za sukari. Mzee alikuwa anawakatia ng'ombe majani, akanawa, akanikaribisha sebuleni, na mkewe akaleta mtori wa ndizi. "Shikamoo mzee," nilisema, na machozi yakaja kabla ya marahaba. Alisubiri. Nikamweleza habari za ile namba, na yeye, karani, hakukubali nieleze juu juu. Alileta karatasi akataka nimwandikie hesabu yenyewe. Akaigawanya mwenyewe, tisa kwa mia mbili hamsini na sita, akaandika sifuri, kando akaandika baki tisa, akaitazama.

"Kwa hiyo mashine ilikuwa inajua."

"Ilijua, mzee. Ilisema. Mimi ndiye niliyeitupa."

"Kula mtori, utapoa." Alikunja ile karatasi. "Umemwambia nani mwingine?"

"Injinia."

"Na watu wa mfongo?"

"Bado. Nimeona nije kwako kwanza."

Aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa siku ile, nikadhani ni hasira. Sasa najua alikuwa amechoka. "Mimi ulikuwa huna haja ya kuniambia, Resti. Mimi nilikuwa najua sikufuta jina la mtu. Waambie wao. Jumamosi wamerudisha mkutano kwenye banio. Nenda kawaambie wao."

Nikaahidi. Simulizi hii ataisoma kwanza Deo, mwana mkubwa wa mzee, kabla ya mtu mwingine yeyote, na anaweza kuifanya atakalo. Nimemwandikia hivyo. Ni kidogo, na imechelewa, najua.

Jumamosi nilifika kwenye banio asubuhi, umande ungali kwenye nyasi. Walikuwepo wote, wa juu na wa bonde, majembe mabegani, na mzee alikuwa amesimama nyuma karibu na jiwe kubwa, kofia mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu usiku kucha. Lakini mwenyekiti aliponiona alinivuta mbele kabla sijafungua mdomo. Akawaambia watu watazame ubao. Orodha nzima, kuanzia juu hadi nyumba ya mwisho. Maji, akasema, sasa yanafika bondeni kila wiki. "Na mnajua tangu lini orodha imenyooka," alisema. "Tangu yule tunayemjua aondoke kwenye kalamu. Tumshukuru huyu binti na mashine yake." Watu wakapiga makofi. "Aika! Aika sana!" Ndipo nilipoelewa nilichokifanya kwa ile mistari mitatu. Nilitengeneza mashine baada ya yeye kuondoka, na kila jina lililorudi ubaoni lilikuwa ushahidi dhidi yake.

Mama Sekunda alikuja mbele na debe la nyanya, za kwanza kutoka bonde zima, nyekundu, bado zina vumbi la udongo. Alilitua miguuni pangu akanikumbatia. Makofi yakaisha. Wote wakawa wananisubiri niseme neno. Juu ya vichwa vyao nilimwona mzee, ametulia, ananisubiri naye.

Nikasema, "Asanteni sana."

Akavaa kofia yake akaondoka kupitia njia ya migomba. Lile debe nililishusha Soweto, tukazila zile nyanya ofisini wiki nzima, mimi na Injinia, kwa mkate na chumvi, na zilikuwa tamu.